Rili Tano au Hapana

Swali mnaloniletea mara nyingi zaidi, ninyi vijana mlioanza kupiga picha kwa filamu wakati sisi tulikuwa tumeshaizika, ni hili: mashine ya kuzungusha, ninunue kubwa au ndogo? Mnaliuliza kama mtu anayeulizia saizi ya viatu. Jibu lake ni neno moja, lakini nikiwapa neno hilo sasa hivi mtaliandika mahali na kulisahau. Kwa hiyo vumilieni kidogo. Nilifanya kazi ya studio Lodwar miaka ishirini na mitatu. Karibu yote ninayoyajua kuhusu mashine hii niliyajua katika miaka miwili tu, 2012 na 2013, na yaliyo muhimu zaidi hayamo katika kitabu chake cha maelekezo.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengine wenu mmeiona kwenye simu tu. Ni beseni refu la plastiki lenye maji yaliyopashwa. Ndani ya maji hulala tangi la duara lisilopitisha mwanga, na ndani ya tangi mna rili, yaani magurudumu ya plastiki ambayo filamu hujikunja juu yake bila kugusana, ili dawa ifike kila mahali. Mota hulizungusha tangi, mara mbele, mara nyuma. Dawa kidogo tu hukaa chini, na filamu hupita ndani yake tena na tena. Filamu ya rangi inataka dawa ya kwanza iwe na joto la nyuzi thelathini na nane, kwa dakika tatu na robo. Ukikosea nyuzi moja au mbili, watu uliowapiga picha wakiwa na ngozi zao watarudi na ngozi za wengine.

Kazi hiyo, sisi watu wa studio tunaiita kusafisha. Filamu ikishapigwa husafishwa, kisha picha hutolewa. Nilikuta mafundi wakilitumia neno hilo nikalitumia nami, miaka yote, bila kulitazama mara mbili.

Sasa joto. Mashine hizi zilitengenezwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya nchi zao. Kifaa chake cha joto kinajua kupasha maji, kupoza hakijui. Siku yangu ya kwanza na mashine yangu nilijaza beseni saa nne asubuhi kwa maji ya tangi la juu ya paa, nikawasha, nikaketi kusubiri taa nyekundu iwake kuonyesha kwamba maji yanapata moto. Taa haikuwaka. Nilisubiri saa nzima. Nilifungua waya, nikapima stima, nikasoma kitabu upya, hicho kitabu ambacho hakikuandikwa kwa lugha niijuayo na nilikuwa nimekitafsiri neno kwa neno kwa kamusi, jioni baada ya jioni. Mwishowe nikatia kipimajoto ndani ya maji, jambo ambalo mtoto angelifanya kwanza. Nyuzi arobaini na mbili. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imeona kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo, ukiwa Lodwar, safisha filamu saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo maji ya tangi yamepoa usiku kucha hadi nyuzi thelathini hivi, na mashine inapata cha kufanya. Ukilazimika kufanya mchana, vika mtungi wako gunia bichi uuweke penye upepo. Upepo wetu ni mkavu, utapoza maji kuliko unavyodhani. Usitumie barafu. Niliitumia mara moja. Inashusha joto upande mmoja wa beseni na kuuacha mwingine, na filamu inatoka na rangi mbili kama bendera.

Jambo la pili ni usawa. Nunua pima maji, ile wanayotumia waashi, uiweke juu ya tangi, wala si juu ya meza. Mimi nilipima meza. Meza ilikuwa sawa, mashine ilikuwa imeinama, kwa hiyo dawa ikakusanyika upande mmoja na ukingo wa filamu ukakosa. Filamu hiyo ilikuwa ya sherehe ya chifu mmoja. Katika kila picha chifu alikuwa amekamilika kuanzia viatu hadi nyusi, na juu ya hapo ukungu. Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa upole, "Fundi, kofia ya serikali umepeleka wapi?"

Jasho nalo. Filamu hupachikwa kwenye rili gizani, kwa vidole, na rili ikilowa hata tone moja filamu inakwama. Mtu akijifungia ndani ya chumba kisicho na dirisha Lodwar, analowa hadi kwenye kucha. Poda ya watoto viganjani, kidogo sana. Na usipachike ukiwa na hasira. Mikono yenye hasira husukuma.

Maji ya mwisho, yale ya kusuuza, yasiwe ya kisima. Maji yetu yana chumvi, huacha madoa meupe usoni mwa watu kama waliomwagiwa unga. Nenda kwa muuza betri za magari ununue maji ya betri. Hayana chumvi. Wauzaji waliniuliza kila mara gari langu ni la aina gani, maana linakunywa sana.

Stima ikipotea katikati ya kazi, usipige kelele. Shika tangi kwa viganja, lizungushe juu ya maji, mara mbili mbele, mara mbili nyuma, ukihesabu kwa sauti. Usizungushe upande mmoja tu, dawa itachora mistari. Nilijifunza hayo kwa Mzee Barasa wa Kitale, aliyenifundisha kazi yote. Yeye hakuwahi kuamini kipimajoto. Alitia kiwiko ndani ya maji kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto, akasema, "Thelathini na nane." Nilimpima kwa siri mara nyingi nikitaka kumkamata. Sikumkamata.

Mwaka 2012 Mzee Barasa alifunga duka. Simu zilikuwa zimeingia mikononi mwa kila mtu, na mashine kubwa za kusafisha filamu za rangi, ambazo tulikuwa tukizitegemea huko Kitale na Eldoret, zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine. Mimi picha za pasipoti nilikuwa ninapiga kwa kamera ya dijitali kama wote. Lakini picha ya kukaa ukutani niliipiga kwa filamu, kwanza kwa sababu nilikuwa nazo sandukuni, pili kwa sababu nilijiona fundi na wenzangu nikawaona wabonyezaji. Nikaamua nitasafisha mwenyewe, nyumbani.

Mzee alikuwa na mashine mbili za kuzungusha kwenye stoo. Ndogo ilikuwa na tangi la rili mbili na ilizungushwa kwa mkono. Kubwa ilikuwa na mota na tangi la rili tano.

"Chukua ndogo," aliniambia.

Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimepiga hesabu kabla sijaondoka Lodwar: dawa kwa kila filamu, maji kwa kila filamu, dakika kwa kila filamu. Kubwa ilishinda kila mstari, mradi tangi lijae. Mzee aliisoma karatasi yote, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Hesabu yako ni nzuri," akasema. "Wateja wako wanaijua?"

"Wateja hawahitaji kuijua, Mzee."

"Haya. Lakini hapa Kitale penyewe nilikuwa nikikosa filamu tano kwa juma. Huko kwenu mtazitoa wapi, kwa ngamia?"

Tulicheka. Akanipa kubwa. Akanipa pia tangi lake dogo la mkono, la chuma, la filamu moja, lile alilonifundishia. Nilifika nalo Lodwar nikaligeuza kopo la kuwekea misumari.

Hapa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la mtu makini, si la mzembe. Tangi kubwa hunywa dawa ileile ukitia filamu moja au tano. Pakiti moja ya dawa ilinipa lita moja. Tangi lilitaka zaidi ya nusu lita kwa kila dawa, kwa hiyo kinachobaki hakitoshi mzunguko wa pili, na kwa joto letu hakikai. Pakiti moja, mzunguko mmoja. Pakiti nyingine ilitoka Nairobi, na ilichukua majuma. Tangi dogo lingekunywa robo lita, na ningeweza kupima dawa kwa sindano, filamu moja leo, mbili Jumamosi. Lakini nilikuwa na kubwa, na lile la chuma lilikuwa na misumari. Basi nikaandika kanuni kwa kalamu nene, nikaibandika ukutani juu ya mashine: RILI TANO AU HAPANA.

Lokwang aliisoma kwa sauti siku aliyoiona. Huyu alikuwa dereva wa pikapu iliyopeleka mizigo Kakuma na wakati mwingine hadi Lokichoggio. Alinibebea vifaa kila nilipokwenda Kakuma kupiga picha, mara moja kila majuma mawili.

"Ejok, Fundi," akanisalimu kwa Kiturkana. "Hii mashine yako iko kama bwana harusi," akasema. "Inakaa tu na suti, inangoja watu wajae."

"Inangoja ili kazi iwe nzuri."

"Na watu wakikosa kujaa?"

"Watajaa."

"Sawa. Wakijaa uniite, nikule pilau."

Januari 2013 nilikuwa Kakuma na pazia langu la kitambaa cha buluu. Kule kambini kulikuwa na fundi cherehani kutoka Kongo, Mama Noela, mwanamke wa kazi safi. Pindo zake ungezifuata kwa rula. Alinishonea pazia hilo mwenyewe. Siku hiyo aliniletea mama yake mzazi, kikongwe ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi. Koko hakuwahi kupigwa picha isipokuwa ile ndogo ya kwenye karatasi zake za kambi, na ile alisema si yeye, ni mtu aliyekamatwa.

Alikataa kiti. Alitaka kusimama kando ya cherehani ya bintiye, mkono juu ya gurudumu lake.

"Nicheke ama nisicheke?" aliniuliza.

"Upendavyo, Koko."

"Nikicheka utapiga foto ya pango. Meno nilishaacha njiani." Kisha akasimama wima, akanitazama moja kwa moja kwenye lenzi kama mtu anayesubiri apewe chenji yake. Nilipiga nne. Ya tatu, nilijua nilipobonyeza, ilikuwa nzuri. Nyie mtakaofanya kazi hii muda mrefu mtayajua hayo: kidole kinajua kabla ya filamu.

Niliimaliza filamu ile kwa watu wengine siku hiyohiyo, nikaileta Lodwar, nikaiweka katika kopo pamoja na nyingine iliyokuwa inasubiri. Filamu mbili.

Machi Koko akafariki. Mama Noela alinipigia simu. Simu yao ilikuwa ile ya mulika mwizi, isiyo na kamera, nanyi kumbukeni hilo kabla hamjaniuliza kwa nini hakuwa na picha nyingine. Karatasi za kambi za marehemu, na ile picha ndogo, zilikuwa zimerudishwa ofisini.

"Papa Fundi, ile foto ya mama yangu, iko tayari?"

Nilimpa pole. Nilimpa pole vizuri, kwa maneno yote yanayostahili. Kisha nikamwambia bado filamu chache, tangi lijae.

"Sawa, Papa. Tutangoja."

Aprili nikapata filamu ya tatu. Kazi ilikuwa inapungua. Watu waliopita mbele ya studio walikuwa wanajipiga wenyewe, mkono umenyooshwa. Dawa ilikuwa rafuni, pakiti moja, haijafunguliwa. Kila asubuhi nilifuta vumbi juu ya mashine. Nilikuwa ninaitunza sana.

Mei, siku ya Jumatatu, akanipigia tena. Majina yao yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao wa kambi: yeye, mume na watoto, wamepata nchi ya kwenda, nchi ya baridi, na basi litawachukua Alhamisi hadi uwanja wa ndege. Hakulia wala hakunisukuma. Alisema tu, na njo kwao ni ndiyo, "Papa, naenda mbali na kaburi lake. Ile foto njo kitu nitabeba."

Nikatazama ukuta. Nikapiga hesabu. Filamu tatu. Kufungua pakiti kwa filamu tatu ni kuitupa nusu, na nyingine itafika lini? Kisha nikapata wazo ambalo lilionekana kwangu la busara kabisa: huko wanakokwenda kuna mashine nzuri kuliko yangu, filamu inasafishwa siku moja. Nimpe filamu yenyewe, ambayo haijasafishwa, aende nayo. Kila kitu kitakuwa salama ndani ya kopo lake na pakiti yangu itabaki nzima.

Nikaitia filamu katika bahasha. Juu yake nikaandika kwa herufi za kuchapa, kwa Kiswahili nilichokiona kuwa sanifu, kisicho na utata: FILAMU HII HAIJASAFISHWA. ISAFISHWE KABLA YA KUTOA PICHA. Lokwang akaichukua Jumanne asubuhi.

Jioni alirudi, akaegemea mlango wa studio akila njugu.

"Yule mama wa cherehani anashukuru sana," akasema. "Alisoma barua mbele yangu. Anasema leo hii ataisafisha."

"Ataisafisha na nini?"

Lokwang akanitazama. "Na maji. Kwani watu wanasafisha na nini ingine?"

Nilimpigia simu Mama Noela. Haikupatikana. Nikapiga tena hadi betri yangu ikaisha, nikaiweka kwenye chaji nikapiga ikiwa ukutani. Lokwang alikuwa ameacha kula.

"Fundi, kwani kusafisha ni nini?"

Nilimweleza. Ilinichukua sentensi mbili. Ni jambo la sentensi mbili, na nafasi ilikuwepo kwenye bahasha.

Jumatano alfajiri tulikuwa njiani. Hakunitania hata mara moja hadi Kakuma.

Niliiona kabla hatujasimama. Ilikuwa kwenye kamba ya nguo nje ya nyumba ya Mama Noela, kati ya kitenge na mashati ya shule, filamu nzima, imenyooka. Alikuwa ameibana juu kwa vibanio viwili, na chini ameninginiza mkasi wake wa kushonea ili isijikunje. Mimi mwenyewe huweka uzito chini kwa sababu hiyohiyo. Nilifundishwa na Mzee Barasa. Mama Noela hakufundishwa na mtu.

Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, sawasawa, mwanzo hadi mwisho.

"Ah, Papa!" Alitoka na kuninyooshea mikono miwili. "Umekuja kutuaga. Ona, inakauka. Nilifungua ile kikopo na mkasi. Niliisukula polepole," alisema, na kusukula kwao ni kuosha, "na maji ya vuguvugu, sabuni kidogo tu. Sikufikicha. Sababu mama yangu iko mule."

Nikaipanda ile filamu kwa macho, toka kwenye mkasi hadi kwenye kibanio.

"Foto itatoka saa ngapi?" akauliza. "Ikisha kauka?"

Vijana, nimewaambia jinsi ya kushika tangi stima ikipotea. Kwa lile swali sina maelekezo. Nilimweleza. Nilimwambia kwamba filamu isiyosafishwa ikiona mwanga inaungua yote, kwamba ingefunguliwa gizani, kwa dawa, na kwamba kusafisha ni neno letu tu, la mafundi, halina uhusiano na sabuni. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza vipimo. Kisha akaingia ndani akatoka na bahasha. Alikuwa ameiweka ndani ya Biblia, pamoja na karatasi zao za safari.

"Ni mwandiko yako?"

"Ni wangu."

Akaisoma yote kwa sauti, kidole chini ya kila neno. "Isafishwe kabla ya kutoa picha. Sasa mimi nilikosea wapi?"

"Hukukosea, Mama Noela."

Akaikunja bahasha. Nilidhani amemaliza. Lakini alikuwa mtu wa kufuata uzi hadi mwisho wake.

"Huyu Lokwang anasema kwako kuna mashine ya kazi hii."

"Ipo."

"Iliharibika?"

"Hapana. Ni nzima."

"Stima ilikosa?"

"Ilikuwepo."

"Dawa?"

"Ipo pakiti moja."

"Sasa tangu mwezi ya kwanza ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inangoja."

"Inangoja nini?"

Lokwang alikuwa amegeuka, anatazama gurudumu la pikapu ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Filamu mbili zaidi," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningependa niwaambie alipiga kelele. Alikwenda kwenye kamba, akafungua mkasi, akatoa vibanio, akaanza kuizungusha filamu kwenye kibao kitupu cha kukunjia uzi, taratibu, akinyoosha kila mzunguko kwa kidole gumba. Aliikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

"Mama Noela," nikamwambia, "haina kitu tena."

"Nimesikia, Papa. Ulishasema." Akaifunga kwa kipande cha kitenge, akaitia kwenye begi la safari. "Lakini alipita mule."

Alhamisi waliondoka. Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilijaza beseni. Maji yalikuwa nyuzi thelathini. Taa nyekundu ikawaka. Yakafika thelathini na nane. Nilifungua pakiti. Nilipachika filamu mbili zilizobaki, na rili tatu zikazunguka bila kitu. Nilipima tangi kwa pima maji. Dawa ya kwanza, dakika tatu na robo, mara mbele, mara nyuma. Hakuna kilichokosewa. Ndizo filamu bora zaidi nilizowahi kusafisha, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Nilizitundika kabatini, nikatazama saa. Tangu kuwasha mashine hadi kutundika, kila kitu ndani yake, ilikuwa imechukua saa moja na dakika kumi.

Nunueni ndogo.